Kofia ya Bati Juu ya Tanuri la Nakijwa

Ukiubana moshi, unauita moto. Methali hii ilianza hivi, huku huku milimani Upareni, katika kijiji cha Isarawe, ambako baridi ya mwezi wa saba humfanya mtu avae koti hata akienda kuchuma mboga nyuma ya nyumba yake.

Vijana walikuwa wameisikia mchana kwenye mkutano wa mfereji. Mzee mmoja aliitamka, akaketi, na mabishano yaliyokuwa yamepamba moto yakatulia. Vijana wakashangaa maneno manne yamepata wapi nguvu kiasi hicho. Walipomsindikiza Bibi Nakiete nyumbani waliingia naye jikoni, wakamsaidia kumenya tangawizi, wakamuuliza. Kwani si moto ndio unaoleta moshi? Iweje tena moshi uuite moto? Bibi Nakiete akasema swali hilo ni la haki, na kwamba mwenye kisa chenyewe aliwahi kujiuliza karibu hivyo hivyo. Akavuta kigoda, akawasimulia.

Hapa Isarawe aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa, mke wa Eliamani. Kazi yao ilikuwa kuoka mikate. Tanuri lao la matofali ya kuchoma lilijengwa na baba yake Eliamani, nalo lilikuwa sehemu ya nyumba yenyewe. Kinywa chake kilikuwa upande wa banda la kuokea, na dohani yake, yaani lile bomba la matofali la kutolea moshi, ilipanda ndani ya ukuta hadi juu ya paa. Upande wa pili wa ukuta huo palikuwa na chumba kidogo walichokiita chumba cha joto. Humo ndimo walimolazwa wagonjwa, na humo ndimo walimolala wanawake waliojifungua, kwa sababu ukuta wake ulikawia kupoa hata tanuri likizimwa.

Nakijwa alikuwa mtu wa kutaka kujua sababu za vitu. Alipokuwa bado bibi harusi alimuuliza mama mkwe wake kwa nini tanuri huwa zito kuamka asubuhi za ukungu. Mama mkwe alimjibu kwamba dohani baridi ni kama ng'ombe asiyetaka kuachia maziwa: mpaka umpashe moto chuchu kwanza. Akamwonyesha namna ya kuwasha konzi ya nyasi kavu kule ndani kooni mwa tanuri, kabla ya kuni, ili hewa ya dohani ipate joto na ianze kupanda. Nakijwa hakuishia kusikia. Alijaribu siku moja kwa nyasi, siku nyingine bila nyasi, akaridhika kwamba mama mkwe alisema kweli.

Dohani ile ilikuwa wazi juu, haina kifuniko. Masika yakifika, mvua iliingia moja kwa moja na kulifanya jivu kuwa uji. Mbayuwayu nao waliipenda. Mwaka mmoja kiota kizima kiliporomoka na kuangukia kwenye moto, na mikate ya siku hiyo ikanuka manyoya. Eliamani akawa anapanda juu kila tanuri linapozimwa, anafunika kwa gunia na jiwe, na kabla ya kuwasha anapanda tena kulitoa. Kwamba dohani ilihitaji kofia, hilo halikuwa na ubishi. Walichokuwa hawajui ni kofia gani.

Basi binti yao Naetwe akaolewa kule chini tambarare, mjini Same, na kijana wa Mzee Mrutu. Mzee Mrutu alikuwa fundi bati mwenye sifa. Birika, karai, mifereji ya paa, chochote cha bati kilichopita mikononi mwake kilitoka kimenyooka. Alipopanda mlima kuja kuwaamkia wazazi wenzake aliliona gunia lile juu ya dohani, akalitazama sana. Safari ya pili alikuja na mzigo mkubwa uliofungwa kwa kanga, akaufungua uani mbele ya watu.

Ilikuwa kofia ya dohani. Mzee Mrutu aliitengeneza kama kijumba cha mviringo, paa lake limechongwa ncha ncha kama ua la alizeti. Kuta zake zilikuwa wavu wenye matundu madogo, mfano wa chujio la chai, ili asipite ndege wala cheche. Siku ile ilikuwa Jumapili na tanuri lilikuwa limepoa. Mzee Mrutu na Eliamani wakapanda pamoja, wakaifunga barabara, imeinama chini juu ya mdomo wa dohani kama kofia ya mtu anayejikinga jua la machoni. Iling'aa hata watu wa ng'ambo ya bonde wakaiona. Walikuja kuitazama, wakamsifu fundi, wakamsifu na Eliamani kwa kupata mkwe wa namna hiyo. Mzee Mrutu akateremka zake siku hiyo hiyo kuwahi kazi, kwa hiyo hakupata kuona kofia yake ikitoa moshi.

Mwanzoni Nakijwa alishukuru. Mvua ilinyesha na jivu likabaki kavu. Mbayuwayu wakahamia kanisani. Lakini haukupita muda mrefu akaanza kuona tanuri lina uvivu ambao si ule wa ukungu. Aliwasha nyasi kama alivyofundishwa, zikawaka, na bado kuni zikafukuta. Alipofungua kinywa cha tanuri kutoa mikate, moshi ulimjia usoni badala ya kwenda juu. Ganda la mkate likawa na uchungu kidogo, uchungu usioweza kuutaja jina.

Kisha akaona ukutani, pale dohani inapoanzia, mchirizi mweusi unaong'aa. Aliugusa, ukamnata kidoleni. Hayo hayakuwa masizi anayoyajua, yale ya unga unaopukutika ukiyapuliza. Hili lilikuwa ganda kama la lami, na lilinuka ukali wa ngozi iliyokaushwa moshini. Alijaribu kulikwangua kwa kisu, likatoka vipande kama vioo. Akatupa kipande kimoja kwenye makaa ili aone. Kiliwaka papo hapo, kwa mwali mrefu na sauti ya kukaanga, kuliko hata ukuni wenye utomvu.

Jambo hilo lilimkaa moyoni. Lami hii inatoka wapi, na mbona zamani haikuwapo? Siku ya pili alichukua unyoya laini wa kuku, akaufunga kwa uzi, akauning'iniza mbele ya kinywa cha tanuri lililowashwa. Unyoya ulitikisika tu kama mtu asiyejua aende wapi, mara nyingine ukapepea kuja upande wake. Akaenda nao nyumbani kwa mchungaji, ambako jiko lilikuwa na dohani ya zamani isiyo na kofia. Alimwomba mke wa mchungaji ruhusa, akauning'iniza pale. Unyoya ulivutwa ndani kwa nguvu hata uzi ukanyooka. Mke wa mchungaji alicheka, akamuuliza kama siku hizi anaoka manyoya. Nakijwa naye akacheka, lakini alirudi nyumbani akiwaza.

Jioni alipokuwa akichemsha makande aliona jambo jingine. Kifuniko cha sufuria kikiwa kimewekwa upande, mvuke ulipanda na kupotea. Kikifunika karibu sufuria yote, mvuke uligota chini ya kifuniko, ukapoa, ukawa matone, matone yakateremka ubavuni mwa sufuria. Akakiinua na kukirudisha mara kadhaa, mpaka Eliamani akamuuliza anafanya nini na chakula cha watu. Ndipo alipoelewa. Moshi unaopita haraka unatoka na joto lake. Moshi unaozuiwa mlangoni unasubiri, unapoa ndani ya dohani na kutoa jasho. Jasho lake ndiyo lami ile. Asubuhi alipanda kilimani nyuma ya nyumba ili aitazame kofia kutoka juu, akaona matundu ya ule wavu mzuri yameanza kuziba, meusi kama kitako cha chungu. Kadiri yalivyoziba ndivyo moshi ulivyozidi kukaa ndani, na kadiri ulivyokaa ndivyo yalivyozidi kuziba.

Alimweleza Eliamani yote, unyoya, sufuria na wavu. Eliamani hakuwa mjinga wala mkorofi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Naetwe, zawadi ya mkwe haitolewi kasoro."

"Sijasema tuitupe. Nasema tumwambie."

"Tumwambie nini? Kwamba kazi ya mikono yake imetushinda? Mtoto wetu yuko kwake. Anakula kwake, analala kwake. Neno letu huku likiwa chungu, atakayelimeza ni Naetwe."

Nakijwa akarudi kukanda unga wake. Tusimlaumu Eliamani peke yake, alisema Bibi Nakiete, kwa maana Nakijwa naye aliogopa jambo lile lile. Mara mbili Mzee Mrutu alimtuma mtu aliyekuwa akipanda mlima awaulize kofia inaendeleaje, na mara zote mbili yule mtu alirudi na jibu la Eliamani kwamba haina neno, inapendeza, wanashukuru. Mara ya pili Nakijwa alikuwepo, amesimama mlangoni, na hakufumbua kinywa. Badala yake alimfungia mjumbe mikate ya kuwapelekea wakwe.

Akawa anahangaika na njia za pembeni. Alitafuta kuni zilizokauka, lakini masika yalikuwa yameingia na kuni zote zilikuwa na maji ndani. Alikuwa akiacha kinywa cha tanuri wazi kidogo, na banda likajaa moshi. Alimwomba Eliamani apande aisugue kofia walau kwa brashi, lakini Mzee Mrutu alikuwa ameifunga kwa ribiti, misumari isiyochomoka, haifunguki bila kukatwa. Wavu ulisuguliwa kwa nje tu. Kwa ndani haukufikika.

Ndipo Naetwe alipopanda mlima kuja kujifungua kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Alijifungua salama mtoto wa kiume, wakalazwa chumba cha joto. Siku chache baadaye Nakijwa alipoingia na uji alimkuta binti yake ameketi kitandani anamfuta mtoto machozi. Mtoto hakuwa akilia, ila macho yalikuwa mekundu yakitoka maji. Hewa ya chumba ilikuwa na ukali.

Naetwe akasema, "Mama, ukuta huu unatoa moshi. Zamani haukuwa hivi."

"Ni kuni mbichi, mwanangu," alijibu Nakijwa.

Alipotoka na bakuli mkononi alisimama ukumbini peke yake. Maishani mwake alikuwa ameuliza sababu za kila kitu, na sasa mtoto wake amemuuliza sababu, naye ameificha akiwa anaijua. Aliona aibu. Aliazimia kumwambia Mzee Mrutu mwenyewe, uso kwa uso, atakapokuja kumwona mjukuu. Lakini aliazimia vilevile kusubiri mpaka wageni wale kwanza, wanywe chai, wafurahi. Hilo ndilo kosa lake kubwa katika habari hii.

Siku ya wageni ilipokaribia, alimsihi Eliamani aikate kofia aiteremshe, aisafishe ndani, airudishe. Eliamani akakataa. Je, wakifika mapema wakaikuta chini uani kama karai lililotoboka? Ibaki juu siku hiyo tu. Baada ya hapo atafanya apendavyo mkewe. Nakijwa akakubali. Kwa kuwa wageni walikuwa wengi na heshima ilikuwa kubwa, alitaka mikate iumuke vizuri, mizuri kuliko siku zote. Akanunua kuni za muwati zilizokaa darini kwa mtu mwaka mzima, kavu kabisa, akalijaza tanuri. Moto uliwaka kwa nguvu ambayo dohani haikuiona tangu kofia ilipowekwa.

Mzee Mrutu na mkewe walifika kabla ya saa sita, wamebeba kanga za mzazi, sabuni na mchele. Walimpokea mtoto, wakampakata kwa zamu, wakambariki, wakamrudisha kwa mama yake alale. Makande yakaletwa, ikaletwa na chai ya tangawizi. Mzee Mrutu alikuwa na furaha. Alipoingia uani alikuwa ameitupia jicho kofia yake juu, akaona imepoteza mng'ao, akasema tu kwamba bati huzeeka kama watu. Eliamani akaitikia haraka na kubadili mazungumzo.

Wakiwa wanakunywa chai ikasikika sauti. Ilianza kama upepo unaopita kwenye chupa, kisha ikawa nzito, kama lori linalopanda mlima na mzigo, nayo ilitoka ndani ya ukuta. Vikombe vikaanza kutetemeka juu ya sahani zake.

Mzee Mrutu akauliza kwa upole, "Mzazi mwenzangu, mmefunga mashine humu ndani?"

Nakijwa alikuwa ameshainuka. Hakuwahi kuisikia sauti ile, lakini aliikumbuka ile lami ilivyowaka juu ya makaa, akajua kwamba sasa inawaka yote kwa pamoja, tangu kooni hadi juu. Alikimbilia chumba cha joto. Plasta ya ukuta ilikuwa inapasuka na kudondoka, na ndani ya ufa uliokuwa ukitoa moshi sasa aliona wekundu. Naetwe alikuwa amesinzia. Nakijwa akamnyakua mtoto aliyelala upande wa ukutani, akamvuta binti yake mkono, wakatoka uani.

Huko nje walikuta mwali umesimama juu ya paa, mrefu kuliko mtu. Kofia ya ncha za alizeti ilikuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Kisha ikalegea, ikainama upande mmoja, ikaning'inia. Eliamani alikuwa ameshaweka ngazi na kushika ndoo ya maji ili ayamwage dohani. Nakijwa akamkimbilia, akamshika shati.

"Usimwage. Matofali yamewiva. Yatapasuka kama chungu, na moto utaingia kwenye dari. Tuuzibe chini, usipate hewa."

Wakaliziba tanuri. Waliusukuma mlango wa chuma, wakakanda udongo kwa yale maji ya ndoo, wakausiriba pande zote. Majirani waliouona mwali wakaja bila kuitwa, kama wanavyokuja kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Wengine wakaleta udongo, wengine magunia yaliyoloweshwa ya kutandaza juu ya mabati ya paa. Mzee Mrutu alivua koti lake la safari, akapiga magoti kwenye kinywa cha tanuri, akasiriba udongo kwa mikono ile ile iliyozoea mkasi wa bati. Ngurumo ikapungua, ikawa kama kukoroma. Mwishowe ikanyamaza.

Nyumba ilisalimika. Mikate iligeuka mkaa. Walipoingia chumba cha joto walikuta ufa umefunguka ukubwa wa kiganja, na kipande cha ukuta kimemwagika kitandani kikiwa bado cha moto. Mto ulikuwa umeungua mahali pale pale kilipokuwa kichwa cha mtoto. Mke wa Mzee Mrutu aliuchukua ule mto, akautoa nje, akauweka chini uani, watu wakawa wanauzunguka bila kuukanyaga.

Dohani ilipopoa, Eliamani alipanda akaikata kofia, akaiteremsha. Mzee Mrutu aliipokea. Aliigeuza, akaingiza kidole kwenye wavu, kidole hakikupita. Palipokuwa na matundu palikuwa na ganda jeusi lililoungua likawa kama sifongo.

"Ilianza lini?" akauliza.

Eliamani akasema labda ni kuni za leo, zilikuwa kali mno.

"Hapana, Baba Naetwe," akasema Nakijwa. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Ilianza mwezi ule ule ulipoifunga. Matundu ni madogo na imekaa chini sana. Moshi ulikosa njia. Niliona, nikapima, nikaelewa, na sikukwambia."

"Nami niliuliza. Nilituma mtu mara mbili."

"Ulituma. Tukakujibu haina neno. Tulikuheshimu, mzazi mwenzangu."

Mzee Mrutu aliitazama kofia yake. Nakijwa alisubiri hasira, na moyoni alikuwa anaona kwamba hata ikija ni haki yake. Lakini fundi yule aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Watu huniletea birika linavuja. Huniambia, Mrutu, birika lako linavuja. Nalichukua, naliziba, tunaagana. Hakuna aliyewahi kunitukana kwa kusema hivyo. Mimi ni mtu wa tambarare, nyumba zetu hazina dohani. Nilikata bati kwa kukisia. Neno lenu moja lingenigharimu mchana mmoja wa kazi. Kimya chenu nusura kinigharimu mjukuu."

Naetwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto kifuani. Mbele ya baba mkwe wake hakuwa na desturi ya kusema bila kuulizwa. Alisema akiwa ameinamisha uso, kama anayejisemea.

"Tumeubana moshi, tukauita moto."

Wote walimsikia. Wazee waliokuwa pale uani, mikono yao bado ina udongo, wakaangaliana. Walielewa kwamba hakuwa anasema habari za tanuri tu.

Ndipo mke wa Mzee Mrutu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, akasema kwamba ikiwa leo ni siku ya kutoa moshi, basi na yeye atoe wake. Ile mikate waliyokuwa wakiletewa kutoka Isarawe ilikuwa michungu kama shubiri. Walikuwa wanammegea kuku, kuku anaondoka. Na kila mara walituma salamu kwamba ni mitamu. Eliamani alimtazama mama yule, akamtazama mkewe, akaketi chini kwenye vumbi, akacheka mpaka akafuta macho. Haikujulikana machozi yale yalikuwa ya kicheko au ya mto uliokuwa mbele yake. Alipotulia alimwendea Mzee Mrutu, akamwambia kwamba aliyeziba njia ni yeye, kwa kuogopa Naetwe asije akaonewa. Mzee Mrutu akamjibu kwamba binti aliyemtoa mjukuu wake ndani ya moto hana wa kumwonea. Eliamani akamsahihisha kwamba aliyemtoa ni Nakijwa. Mzee Mrutu akasema, basi na yeye.

Hakurudi Same siku ile wala iliyofuata. Alimtuma mtu akamletee mkasi, nyundo na mabati. Wakati mwashi akijenga upya ukuta na kusafisha dohani kwa mnyororo uliofungwa magunia, fundi yule alimtaka Nakijwa amwonyeshe kila alichokiona. Nakijwa akamletea sufuria na kifuniko chake, akamletea na unyoya. Mzee Mrutu aliuning'iniza, akautazama kwa muda, akauondoa, akaurudisha, macho yakimng'aa kama ya mtoto. Tangu hapo wakawa watu wawili wenye swali moja.

Walijaribu kwanza bamba bapa juu ya miguu mifupi. Mvua haikuingia, lakini jioni upepo uliposhuka kutoka kilele cha mlima uligonga bamba na kuusukuma moshi chini, unyoya ukapepea nje. Wakajaribu paa la mchongoko lililoinuliwa juu sana, bila wavu. Unyoya ulivutwa vizuri ajabu, ila mvua iliyosukumwa na upepo iliingia chini yake, na mbayuwayu wakaonekana wakizunguka kupaangalia. Nakijwa aliuliza kama haiwezekani kukutanisha yale mazuri ya zote mbili. Mzee Mrutu akakata tena. Safari hii paa lilikuwa pana kuliko mdomo wa dohani, limeinuliwa shibiri nzima ili moshi upite chini yake bila kuinama. Ubavuni akaweka wavu wa matundu makubwa, kidole gumba kinapita lakini ndege hapiti. Upande wa mlimani akaweka ukingo wa bati, umesimama mbali kidogo na wavu, wa kuukata upepo. Badala ya ribiti akaweka pini nne za kuchomoa kwa mkono, ili kofia iweze kuteremshwa na kusuguliwa.

Haikuwa nzuri. Ilionekana kama ungo uliosahauliwa juu ya kinu. Mzee Mrutu aliposhuka ngazini aliomba radhi kwa sura yake, na Eliamani akataka kusema inapendeza, akajizuia, akasema kweli ina sura mbaya. Kisha Nakijwa akawasha nyasi, akaweka kuni, akauning'iniza unyoya. Ulikwenda ndani mara moja, uzi ukanyooka. Huko juu moshi ulitoka mwepesi, wa kijivu, ukapanda moja kwa moja. Mikate ya siku hiyo Mzee Mrutu alibeba miwili kurudi nayo Same, na mkewe alipoionja alituma salamu ambazo safari hii zilikuwa za kweli.

Tangu wakati huo Eliamani alipanda kila mwezi mpya kuisugua kofia, na kuni zao zikawa zinapasuliwa na kuwekwa darini msimu mzima kabla ya kuingia tanurini. Bado lami kidogo ilipatikana, kwa sababu hakuna moto wa kuni usio nayo, lakini ilikuwa ya kukwanguliwa kwa mkono. Haikupata tena kukaa na kuwa nyingi.

Na neno la Naetwe halikubaki uani pale. Wazee walioondoka na udongo mikononi waliondoka nalo. Likatumika kwanza baina ya wakwe, wakati upande mmoja unapouliza zawadi inaendeleaje na upande wa pili unapotaka kujibu haina neno. Likaingia kwenye mabaraza, kwa mwenye kuwakataza watu kunung'unika. Likaingia na kwa wenye ndoa, kwa mke anayemeza kila kitu na kwa mume anayejivunia kwamba nyumbani kwake hakuna maneno. Maana nung'uniko nalo ni moshi. Likipewa njia linakwenda zake, linamwasha mtu macho kidogo na basi. Likizuiwa halipotei. Linapoa ndani, linanata, linarundikana mahali usipopaona, likingoja siku ambayo moto utakuwa mkali na wageni wamejaa nyumbani.

Bibi Nakiete alichukua tangawizi ya mwisho mkononi mwa kijana mmoja, akaimenya mwenyewe. Akawaambia kwamba sasa wakiisikia tena wasiulize moshi unawezaje kuita moto.

Ukiubana moshi, unauita moto.